Mita Moja, Walukuba

Hapa kwetu Walukuba
vyumba vyetu viko saba,
mita moja, ni msiba
umeganda ukutani.

Mimi ndimi mwandikaji,
kimya changu kama maji,
nakusanya za walaji,
daftari li mkononi.

Kila wiki nalipisha,
nadai bila kuchosha,
kasoro naorodhesha
za wengine, kwa makini.

Ijumaa, saa mbili,
giza likatukabili,
tukatoka na ukali,
kila mtu mlangoni.

Tenywa, yule mjuaji,
humsahihisha jaji,
hufunza samaki maji,
akaivaa miwani.

Akagonga, akacheka:
"Yuniti zimetoweka.
Kuna mtu anapika
kwa umeme, humo ndani!"

(Mkewe kijifungua,
akasema, "Ninajua,"
mkunga akaamua
amfungie chooni.)

Nikaandika kwa hati
ya kupendeza, kwa dhati:
"Mpishi ni nani, eti?"
Mistari mitatu chini.

Kagoya, yeye ni pasi:
hunyoosha hata soksi;
ukipatwa na nakisi
ya peni, hulali ndani.

"Nina hapa," ati, "jibu:
mwezi huu kila balbu
nimeipima kwa tabu
kwa saa ya mkononi."

Tenywa: "Pasi ndiyo mwizi!"
Kagoya: "We, mpuuzi!"
Nambozo, wetu mlezi,
akasimama vitani:

"Tenywa, umesema kweli.
Kagoya, una akili.
Hata mwizi ana hali,
mwacheni ale, jamani!"

Ndiyo zake hugawiwa
mwizi, jaji, na mwibiwa;
wote watakubaliwa,
kesi hubaki hewani.

Odeke, mwana wa "kesho",
ana deni, hana jasho,
akaja karibu mwisho,
mswaki uko kinywani.

"Ya Machi nitalipia
Juni, nikishatulia;
ya Mei nafikiria
kuisukuma mwakani."

Drateru, wa kulalama,
hata akila na nyama
huwaza utamkwama
mfupa wake kooni.

Akalia: "Ndugu zangu,
leo giza, kesho wingu,
keshokutwa ni machungu,
tukope sanda dukani!"

Saa nne, bado vita:
Kagoya apiga mita
kwa kandambili, aita
askari wa kituoni.

Nami sikutia neno;
sipendi mie mvutano.
Kimya changu ni mfano
wa kuigwa duniani.

Mirembe, binti mdogo,
akiguguna muhogo,
akapanda kwenye gogo
achungulie njiani.

"Mbona," ati, "giza pote?
Masese nako ni kote,
shule, na maduka yote;
sasa mwizi wenu nani?"

Tukatazama viatu.
Tenywa: "Nalijua, watu;
nalipima wenu utu
kwa makusudi, moyoni."

Umeme ukarejea,
vigelegele, "Sogea!"
Mara ikatuelea
harufu toka chumbani.

Kunde, nyanya, kitunguu,
mvuke wa sikukuu,
zatokota, ziko juu
ya koili, uvunguni.

Si kwa Tenywa, si Kagoya,
si wale wote wabaya
niliowatia haya.
Chumba ni changu, jirani.

Odeke, siku ya kwanza
kuwahi, akatangaza:
"Kesi, kesho tutaanza;
leo, leteni sahani!"

Kagoya kapima kunde
kwa punje, kila upande;
Tenywa: "Ungengoja punde,
chumvi hutiwa mwishoni."

Nambozo: "Mwizi ni mwema,
mwibiwa pia ni mwema."
Drateru kala, kasema:
"Tukutane kaburini."

Daftari lina kurasa
za kila mtu na kosa;
wangu u mtupu hasa:
wino u wapi, jamani?